"Mvua" ina mizani (silabi) mingapi?

Msomaji wa Likoni ameleta ubeti wake:

Mvuvi katoka jana, hajaonekana pwani,
Na mvua inanya sana, kusi yavuma majini,
Mkewe wala hanena, taa iko dirishani,
Mawimbi yanagongana, chai yapoa mekoni.

"Shikamoo mwalimu. Mwenzangu asema mshororo wa pili una mizani 17, ubeti mmoja si shairi, na toni ni ya huzuni. Tuamulie."

Marahaba. Mwenzako kakosea, ila kosa lake lina asili. Kaona "mvuvi" ni m-vu-vi, akaikata na "mvua" vivyo hivyo. M ya mvuvi ni kiambishi cha ngeli: wakiwa wengi ni wavuvi, m imekwenda zake. Ya mvua haibanduki, iwe moja au nyingi. Imeshikana na v, hutamkwa mvu-a, mizani 2. Ndivyo mbuni ndege (mbu-ni) anavyotofautiana na mbuni, mti wa buni (m-bu-ni), ambao wingi wake ni mibuni. Jihadhari tu na vijineno kama "nchi" na "nne": hapo n husimama peke yake ibebe mkazo. Basi mizani yako ni 8 kwa 8, mishororo yote. Na "inanya" iache, hata wa bara wakicheka.

Umbo halina ugomvi: mishororo 4, ndiyo tarbia; kila mmoja vipande 2, ndiyo mathnawi; vina ni "na" na "ni". Mtu asikuulize kama ni mtiririko (vina vilevile beti zote) au ukaraguni (vina vyabadilika ubeti hadi ubeti), maana hakuna ubeti wa pili wa kulinganisha vina. Ubeti mmoja watosha. Muyaka bin Haji, mshairi wa kale wa papa hapa Mombasa, ana tungo za ubeti mmoja.

Ama huzuni, siioni. Hapajafiwa mtu. Tazama "hajaonekana": ile -ja- yamwachia mvuvi nafasi ya kurudi. Ungeandika "hakuonekana", mlango ungefungwa. Toni ni ya wasiwasi, na umeijenga bila kutaja hofu wala machozi. Taa na chai zimetosha. Mke hasemi, nasi twamsikia.

Kipande kimoja chanipwaya: "mawimbi yanagongana". Kusi ishavuma majini, mawimbi twayajua. Hapo umetafuta kina cha "na" tu. Kibadilishe, lakini ile chai usiiguse.