Jibu: shahada au kozi fupi kwa mwalimu wa P1 (mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti)?

Dadangu wa Kisauni, umeuliza usome shahada au kozi fupi. Shahada haikupandishi daraja papo hapo. TSC, tume inayoajiri walimu Kenya, hutangaza nafasi, ukaomba, ukafanyiwa usaili. Kabla ya kulipa karo, hakikisha chuo kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Wengi huumia hapo.

Lakini anza na somo la pamoja, halina gharama. Walimu watatu mpange kipindi kimoja, tuseme kujumlisha sehemu, Gredi ya 6. Mmoja afundishe, wengine watazame wanafunzi, si mwalimu. Mtoto akijumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, andika kosa hilo vivyo hivyo. Mambo huharibika kikao cha baadaye, cha kujadili mlichoona, kikigeuka ukaguzi wa mwenzenu. Ketini siku hiyo hiyo, rekebisheni, kisha mfundishe mkondo mwingine.