Kutoka darasani hadi uongozi wa vyuo vya jamii California

Ndugu, umeuliza kama mwalimu wa hisabati wa chuo cha jamii (chuo cha umma, hasa cha kozi za miaka miwili) California anaweza kuja kuongoza mfumo mzima. Anaweza. Sonya Christian alianza kufundisha hisabati Bakersfield College mwaka 1991, akawa rais wa chuo hicho 2013, chansela wa wilaya ya vyuo ya Kern (kundi la vyuo vya eneo hilo chini ya bodi moja) 2021, na 2023 akashika mfumo wa jimbo, wenye vyuo 116.

Wewe anza na uenyekiti wa idara, na uingie kamati ya bajeti. Hapo kwenye bajeti ndipo wengi hukwama baadaye: anajua kufundisha, lakini hawezi kutetea hesabu mbele ya bodi. Jitolee pia kuandika ripoti ya ithibati, yaani ya chuo kuthibitishwa ubora wake, kazi inayokimbiwa na wengi. Kisha ukuu wa kitivo, umakamu wa rais, urais. Shahada ya udaktari wa elimu inatosha. Uwe nayo kabla ya kuomba umakamu.

Angalia hili: wajumbe wa bodi za wilaya huchaguliwa kwa kura, na bodi ikibadilika kiti chako kinatikisika. Kabla ya kusaini mkataba wa utawala, mwanasheria wa ajira akupitie vipengele vya kurudi darasani na malipo ya kuvunjiwa mkataba.