Namba ya kadi ya mteja haikai kwenye WhatsApp

SWALI: Assalamu aleikum dada. Nauza leso na madera kupitia tovuti yangu, mali naitoa Biashara Street hapa Mombasa. Wateja wa humu nchini wananilipa kwa Till ya M-Pesa bila tabu. Shida ni watu wetu walioko Uingereza na Doha. Wao hutaka kulipa kwa kadi, kwa hiyo wananiandikia kwa WhatsApp namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu 3 za nyuma, kisha ndugu yangu mwenye mashine ya kadi dukani kwake anaziingiza kwa mkono. Wiki iliyopita mteja wa Leicester amekataa, anasema simu yake inamwambia tovuti yangu "Si salama". Fundi aliyenitengenezea anataka KSh 18,000 kwa mwaka aniwekee cheti cha usalama. Anasema nikishalipa, kadi zote zitakuwa salama. Nilipe?
Mama Leso, Mombasa

JIBU: Waaleikumu salaam dada yangu. Hizo 18,000 zihifadhi. Lakini kabla ya habari ya cheti nakuomba leo hii, kabla hujalala, wewe na ndugu yako mfungue simu zenu mfute kila ujumbe wenye namba ya kadi ya mtu, na picha za kadi zilizobaki kwenye galari, na nakala iliyopanda Google Drive. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili moyo uliniruka hapo, si pale penye cheti.

Zile tarakimu 3 kazi yake ni moja: kuonyesha kwamba anayelipa anayo kadi mkononi. Zikishakaa kwenye simu ya mtu mwingine hazionyeshi chochote tena. Ndiyo maana kanuni za usalama wa kadi, zinazotungwa na baraza lililoundwa mwaka 2006 na Visa, Mastercard, American Express, Discover na JCB, zinamkataza muuzaji kuziweka popote malipo yakishapita, hata akizifunga kwa fumbo. Kanuni hiyo haimhusu mwenye duka kubwa peke yake. Anayeuza doti 3 kwa wiki nayo inamshika. Sasa chukulia simu yako imechomolewa kwenye foleni ya feri pale Likoni. Aliyeichomoa hana simu tu, ana pochi za wateja wako wote wa Leicester na Doha. Tena sheria yetu ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inakupa saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data pale taarifa za watu zinapovuja na kuna hatari ya kweli ya kuwadhuru. Hao waliokwisha kukutumia namba, waandikie uwaambie umefuta, nao wafute kwao, na waangalie taarifa zao za benki.

Fundi wako amechanganya mambo mawili. Cheti kinaihakikishia simu ya mteja kwamba inazungumza na mwenye jina lile la tovuti na si mwingine, na kinayafunga maneno yanayopita baina yao, hata aliyekaa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo ya hoteli asiweze kuyasoma. Namba ikishafika mlangoni kwako, kazi ya cheti imekwisha. Hakijui kama inaandikwa daftarini, inapelekwa kwa ndugu, au inafutwa.

Mwaka 2018 wezi walipenyeza mistari 22 ya programu kwenye tovuti ya British Airways. Abiria akibonyeza kulipa, namba ya kadi ilikwenda kwa shirika, na nakala yake ikaenda kwenye tovuti ya wezi iliyoitwa baways.com. British Airways walikuwa na cheti. Na wezi nao walikuwa na cheti, tena cha kununua, wakati vya bure vilikuwepo. Tangu tarehe 21 Agosti hadi 5 Septemba watu walikuwa wakiliona kufuli, ile alama ya cheti kando ya anwani, na kulipa. Mwaka 2020 shirika lilitozwa faini ya pauni milioni 20.

Kwa hiyo ninachokutakia ni namba ya kadi isipite kwako kabisa. Fungua akaunti ya muuzaji kwenye kampuni ya malipo. Pesapal ni ya hapa Kenya na inapokea kadi na M-Pesa pamoja, au uliza benki yako. Mteja anachagua dera, anabonyeza kulipa, anapelekwa kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe, anajaza kadi huko, benki yake inamtaka athibitishe kwa simu yake, kisha anarudishwa kwako. Wewe unapata jina, anwani ya kupelekea mzigo, na habari kwamba amelipa au hajalipa. Fundi atakwambia fomu ya kadi inapendeza zaidi ikikaa ndani ya tovuti yako. Mkatalie. Ya British Airways ilikaa ndani ya tovuti yao. Kampuni itakata kamisheni kwa kila malipo, nawe iulize ni asilimia ngapi na pesa zinaingia benki baada ya siku ngapi, kabla hujatia saini. Na kama tovuti bado haijakamilika, kampuni nyingi zina kiungo cha malipo unachoweza kumtumia mteja kwa hiyo hiyo WhatsApp. Hapo anaposubiri pa kuandika namba ya kadi, mtumie kiungo.

Jambo moja zaidi la kadi: mwenye kadi anaweza kuiambia benki yake kwamba mzigo hakuupata, na pesa zikarudishwa kwake kutoka kwako. Weka risiti ya kila mzigo ulioutuma.

Sasa cheti, maana tovuti isiyo nacho ndiyo simu huiita "Si salama". Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 liko shirika lisilo la faida la Marekani linalotoa vyeti bure kwa yeyote, Let's Encrypt, na maneno yanafungwa sawasawa na kwa cheti cha kulipia. Kampuni inayoihifadhi tovuti yako, kama inatumia cPanel, ile programu ya kusimamia tovuti, huenda tayari inayo AutoSSL inayoweka cheti yenyewe, ni kuiwasha tu. Wapigie uwaulize hivi: "Mna cheti cha bure kinachojihuisha chenyewe?" Wakisema hawana, hama. Fundi umlipe saa zake za kazi, maana kazi ni kazi, ila bei ya kitu cha bure usiilipe.

Kikishawekwa, keti na simu yako ukague mwenyewe. Andika anwani ikiwa na www, kisha bila www. Mbele ya cheti hayo ni majina mawili, na lazima yote yawe ndani yake, kama doti isivyokuwa doti mpaka vipande vyote viwili viwepo. Andika mwanzo wa anwani kwa http, ikupeleke yenyewe kwenye https, ile yenye cheti. Na kama onyo bado linatokea kwenye ukurasa wa madera peke yake, aghalabu kuna picha ya zamani inayoitwa kwa http. Fundi aibadilishe anwani yake.

Halafu kuna kuhuisha, na hili nakwambia kwa uchungu. Khalati yangu anauza udi na marashi Mji wa Kale, na duka lake la mtandaoni nilimtengenezea mimi. Mwaka mmoja niliihamishia tovuti kwenye seva mpya, yaani kompyuta nyingine ya kuihifadhi, mwezi wa Rajabu, na ile kazi ya kuhuisha cheti ikabaki kule kwenye seva ya zamani. Kumi la mwisho la Ramadhani, watu wananunua udi wa Idi, khalati akanipigia baada ya futari: "Mwanangu, duka langu limefungwa na nani?" Nilipofungua simu niliona ukurasa mzima wa onyo, na tarehe ya cheti ilikuwa imekwisha jana yake. Kukirudisha kulinichukua nusu saa. Wateja waliokuwa wamekwisha kugeuka siku hiyo hawakurudi, na khalati hakunilaumu hata kwa neno moja, jambo lililoniuma zaidi.

Vyeti vya Let's Encrypt huishi siku 90, na shauri lao ni kuhuisha kila baada ya siku 60. Tangu Juni 2025 hawatumi tena barua pepe za kukumbusha. Na muda unazidi kufupishwa: kampuni za vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti kama Chrome, na watoa vyeti wamekubaliana kwamba kufikia Machi 2029 cheti chochote, hata cha kulipia, kisizidi siku 47. Kwa hiyo huyo anayetaka pesa za cheti "kwa mwaka" akwambie pia nani atakihuisha na kwa njia gani. Mimi siku hizi kila tarehe mosi ya mwezi nafungua tovuti ya khalati, nagusa alama iliyo kando ya anwani, nasoma tarehe ya mwisho kwa macho yangu.

SWALI: Kufuli limepotea kwenye Chrome yangu! Cheti kimeharibika?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana, tulia. Septemba 2023 Chrome waliliondoa kufuli wakaweka alama ya vitufe viwili vya kurekebishia, kwa sababu watu walikuwa wakidhani kufuli maana yake ni duka la mtu mwaminifu. Iguse, utasoma kama muunganisho ni salama.

SWALI: Habari dada. Nauza viatu mtandaoni. Mteja alinitumia picha ya ujumbe wa M-Pesa wa KSh 3,200, nikampa mtu wa boda mzigo, na pesa sikuziona. Wiki hiyo hiyo mwingine akatoa msimbo wa kweli kabisa, kumbe alikwisha kuutumia kwa oda yake ya kwanza. Nifanyeje, nifunge M-Pesa?
Kijana wa Viatu, Kilifi

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Usiifunge, M-Pesa haina kosa hapo. Picha ya ujumbe haithibitishi malipo, na hata SMS iliyoingia kwenye simu yako isikutoshe, kwa sababu ujumbe unaofanana nao unaweza kuandikwa na yeyote. Fungua taarifa ya Till yako uuone muamala wenyewe, kiasi na msimbo wake, ambao herufi na tarakimu zake kwa jumla ni 10. Kisha uuandike msimbo mbele ya oda. Msimbo mmoja, oda moja. Ukijitokeza mara ya pili, oda isipite.

Oda zikizidi, mwambie fundi akuunganishie huduma ya Daraja ya Safaricom. Mteja anaandika namba ya simu, dirisha la PIN linachomoza kwenye simu yake, na Safaricom yenyewe inaiandikia seva yako matokeo: 0 maana yake amelipa, 1 salio halikutosha, 1032 ameghairi, 1037 simu yake haikujibu. Mzigo utoke kwa ile 0 tu, usitoke kwa sababu mteja amefika kwenye ukurasa wa "Asante". Safaricom inataka anwani hiyo ya kupokelea matokeo iwe ya https, kwa hiyo yale niliyomwandikia Mama Leso kuhusu cheti yanakuhusu nawe.

Na bei ihesabiwe na seva yako, isisomwe kutoka kwenye ukurasa ulio mikononi mwa mteja. Duka moja nililoitwa kulikagua lilikuwa limeuza viatu vya 2,800 kwa shilingi 10. Malipo yalikuwa ya kweli, matokeo yalikuwa 0, na msimbo haujawahi kutumika. Mnunuzi aliibadilisha bei kwenye ukurasa kabla ya kubonyeza, na hapakuwa na mstari hata mmoja wa programu unaolinganisha pesa iliyoingia na bei ya kiatu. Mwombe fundi wako akuonyeshe huo mstari ulipo, kabla hujamlipa sehemu iliyobaki.