Risasi kabatini: maswali ya wenye leseni, Unguja na Pemba

Wenye leseni za bunduki visiwani wengi ni watu wa mashamba, wanaolinda muhogo na viazi dhidi ya nguruwe wa msituni. Bunduki yenyewe huijua vizuri. Kinachowatia matatani ni risasi: ngapi, za aina gani, zimekaa wapi na nani anazihesabu. Haya ndiyo maswali yao na majibu yetu.

Nimesoma kwenye intaneti kuwa mwenye leseni anaruhusiwa risasi 200 kwa kila bunduki. Nina bunduki moja ya marisawa (zile chembe ndogo za risasi), geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu). Naweza kufika 200? (Makunduchi)

Usifike. Hiyo 200 ni ya Afrika Kusini. Sheria yao ya silaha ya mwaka 2000, kifungu cha 91, inamzuia mwenye leseni ya kawaida asizidishe risasi 200 kwa kila silaha aliyoandikishiwa, na wawindaji na walenga shabaha waliosajiliwa wameachiwa zaidi. Hata fataki, yaani kile kidude kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, wamewekewa mpaka wake: 2,400. Uingereza wanakwenda kwa njia nyengine. Cheti cha bunduki ya risasi moja moja, isiyo ya marisawa, kinabeba hesabu mbili, idadi ya kununua kwa mara moja na idadi ya kuwa nayo kwa wakati wowote. Marekani serikali kuu haikuweka mpaka wa idadi kabisa. Kwa hiyo mtu akikupa tarakimu kutoka intaneti, muulize kwanza ni ya nchi gani.

Mpaka wako wewe umeandikwa kwenye karatasi zako mwenyewe: leseni na kibali cha kununulia risasi. Zitoe uzisome mambo matatu: aina ya risasi, idadi, na tarehe ya mwisho. Ugomvi mwingi unatoka kwenye idadi. Tuseme kibali kinasema 25, na nyumbani unazo 14 zilizobaki mwaka jana. Ukinunua 25 utakuwa na 39. Je, ile 25 ni ya kununua, au ni jumla unayoruhusiwa kuwa nayo? Usijijibu mwenyewe. Nenda kituoni ulikopewa kibali, taja kuwa unazo 14, na uombe jibu lako liandikwe juu ya kibali au kwenye barua. Mpaka ulipate, shika maana ndogo: nunua 11, basi.

Weka daftari dogo lenye safu tano: tarehe, zilizoingia, zilizotumika, zilizogoma, zilizobaki. Kila unaporudi shamba jaza kabla hujala. Risiti ya duka na nakala ya kibali zibandike ukurasa huohuo. Askari anapokuja kukagua, mwenye daftari humaliza kwa dakika chache, na asiye nalo huanza kukumbuka.

Jirani yangu naye ana leseni na bunduki kama yangu. Akiishiwa naweza kumpa tano, anirudishie akinunua?

Hapana, hata kama nyote mna leseni. Kibali chako kinakuruhusu wewe kuwa nazo, hakikuruhusu kuzigawa. Halafu hesabu zenu zote mbili zinaharibika: yako inapungua bila maelezo, yake inazidi bila risiti.

Ami yangu amefariki. Ameacha bunduki na boksi la risasi za geji 12. Mimi nina leseni, lakini ya bastola. Zinaweza kukaa kwangu mpaka mirathi igawiwe? (Wete)

Haziwezi, wala zisikae hata usiku mmoja kwa makusudi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya Tanzania, ya mwaka 2015, kifungu cha 21, inakataza mtu kuwa na risasi kama hana leseni ya silaha inayoweza kuzifyatua hizo risasi, au kibali chake maalumu. Bastola yako haifyatui geji 12. Mbele ya sheria wewe na mtu asiye na leseni yoyote mko sawa kwa boksi hilo.

Na bunduki haigawiwi kama mikarafuu. Leseni ilikuwa ya marehemu na imekwisha naye. Mrithi anaweza kuomba ya kwake, na mpaka apewe, bunduki haina budi kukaa polisi. Fanyeni hivi: msiiguse, fungeni chumba, mwarifuni sheha, kisha mmoja wenu aende kituo cha polisi na leseni ya marehemu pamoja na cheti cha kifo. Waombeni askari waje wenyewe kuichukua. Kumpa kijana aibebe kwenye daladala hadi kituoni ni kumtia kosani njiani, ingawa nia yake ni njema. Risasi zihesabiwe mbele yenu, idadi iandikwe kwenye hati ya makabidhiano, nanyi mbaki na nakala. Hati hiyo ipelekeni pia panapogawiwa mirathi, ili isije kuulizwa baadaye bunduki ya mzee ilikwenda wapi.

Risasi iliyogoma kulia inahesabiwa?

Inahesabiwa. Ina baruti, ina fataki, ina marisawa yake, ni risasi. Iandike kwenye safu yake ya daftari na uirejeshe polisi. Usiitupe chooni, kisimani wala baharini, na usimpe fundi aifungue.

Tahadhari kubwa ni pale inapogoma. Ukivuta kifyatulio kukawa kimya, usifungue bunduki. Mtutu ubaki umeelekea pasipo na mtu, hesabu sekunde 30 kamili, ndipo ufungue. Fataki yenye unyevu inaweza kuchelewa kuwasha, na ukiifungua ikalia, ganda litapasuka mbele ya uso wako. Kuna na ile inayolia kidogo, "pu", bila kukurudisha bega. Hiyo ni mbaya kuliko inayonyamaza, kwa sababu kizibo cha plastiki kinachobeba marisawa huenda kimekwama ndani ya mtutu. Toa risasi zote, chungulia mtutu kutoka nyuma kuelekea kwenye mwanga. Usipoona duara safi la mwanga, umemaliza kwa siku hiyo. Risasi ya pili ikikutana na kizibo hicho mtutu hupasuka, na mkono wa kushoto ndio ulioushika.

Risasi zangu zinafanya ukungu wa kijani na nyengine zina kutu. Nyumba iko karibu na pwani. Nizisafishe kwa nini? (Micheweni)

Kwa kitambaa kikavu tu. Dawa za kung'arishia shaba nyingi zina amonia, na amonia inaila shaba kwa ndani. Ganda linang'aa kwa nje huku limejaa nyufa usizoziona. Mafuta nayo usipake wala kupulizia. Yanapenya pembezoni mwa fataki na kuiua. Risasi ambayo kutu yake imechimba vishimo, au ganda limevimba, au kitako kimelegea, itenge na uirejeshe.

Ukungu ule wa kijani mara nyingi chanzo chake ni mkanda wa ngozi. Dawa zilizotumika kulainisha ngozi zina asidi, zikikutana na shaba na hewa ya chumvi, mwezi mmoja wa masika unatosha. Mkanda ni wa kutembelea shambani. Ukirudi, risasi zitoke mkandani. Ganda la karatasi, kwa wale ambao bado wanayo, ni dhaifu zaidi: linafyonza unyevu, linavimba, linakwama kwenye chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu), na watu hulitoa kwa kisu. Kisu kando ya fataki ni balaa.

Zihifadhi kwenye boksi lake la duka, ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakti viwili au vitatu vya zile chembe za kukausha unyevu zinazokuja ndani ya viatu na redio mpya. Vipakti vikishalowa havina kazi tena, vibadilishe kabla ya masika na kabla ya vuli. Chombo kiwe juu ya ubao, kisigusane na sakafu wala ukuta wa mawe na chokaa, kwani ukuta huo unatoa jasho. Usikiweke darini chini ya bati, joto la adhuhuri huko linachakaza baruti. Andika mwaka wa kununua juu ya boksi kwa kalamu ya wino, na utumie la zamani kwanza.

Chombo hicho kikae ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na bunduki, na funguo mbili tofauti. Mtoto akifika kwenye moja asiifikie ya pili. Nyumba ikishika moto, risasi zilizo nje ya bunduki hazirushi kichwa kama zinavyorusha mtutuni. Ganda ndilo hupasuka na kutawanya vipande, vya kutosha kutia jicho upofu. Bunduki iliyoachwa na risasi chembani ni jambo jengine kabisa, hiyo inalia sawasawa. Waambieni Zimamoto mara tu wanapofika zipo wapi na ngapi. Idadi ndogo ina faida yake hapo pia.

Duka lilikuwa na geji 20 tu. Zinaingia kwenye bunduki yangu ya 12. Kuna ubaya?

Kuna ubaya mkubwa, na usijaribu tena. Mtutu wa geji 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, wa geji 20 ni 15.6. Risasi ya 20 inateleza ndani, inapita chemba na kukwama mbele kidogo. Ukitazama nyuma unaona tundu tupu, unadhani hukutia kitu, unatia ya 12 nyuma yake, unafyatua. Mtutu unapasuka palepale penye vidole. Viwanda vingi hutengeneza ganda la geji 20 kwa rangi ya manjano khasa kwa sababu hii. Manjano na bunduki ya 12 visikae mfuko mmoja. Zaidi ya hayo, kibali chako kimetaja geji 12.

Tazama na urefu. Bunduki kongwe nyingi zina chemba ya milimita 65, na risasi za siku hizi zimeandikwa 70. Hiyo 70 ni urefu wa ganda *baada* ya kufunguka, ndiyo maana linaingia bila shida likiwa zima. Likilia, mdomo wake unafungukia mahali mtutu unapoanza kubana, shindikizo linapanda, na bunduki ya zamani haikujengewa hilo. Kipimo cha chemba mara nyingi kimechongwa chini ya mtutu, pale unapokunjukia. Ukiona 65, nunua 65.

Nasafiri na bunduki yangu kutoka Unguja kwenda Pemba. Boti au ndege?

Popote, karatasi zako ziwe mkononi na taarifa itangulie. Kwa boti, fika bandarini Malindi mapema, ujitambulishe kwa polisi wa bandari kabla ya kupanga foleni ya abiria, na ufuate watakavyoelekeza mzigo ukae. Usiingie nayo kimyakimya ndani ya begi, ukagunduliwa kwenye mashine.

Kwa ndege kuna mpaka wa uzito unaofuatwa na mashirika duniani kote: kilo 5 za risasi kwa abiria mmoja, pamoja na boksi lake, kwa matumizi yake mwenyewe, kwenye mzigo unaokabidhiwa na kamwe si mkononi, na shirika liwe limekubali kabla. Mke na mume hawaunganishi kilo zao kwenye boksi moja. Boksi la risasi 25 za geji 12 lina kilo moja na kitu, basi maboksi manne yanakaribia mpaka na ya marisawa mazito yanaweza kuuvuka. Pima kwa mizani nyumbani. Vindege vidogo vina mipaka yao ya mizigo na rubani anaweza kukataa. Na kumbuka, kilo 5 ni ruhusa ya ndege tu. Kama kibali chako kinasema 25, unasafiri na zisizozidi 25.

Kibali changu ni cha nguruwe. Popo wakimaliza embe zangu naweza kuwapiga kwa risasi hizohizo? (Konde)

Huwezi. Kibali cha nguruwe ni cha nguruwe. Na popo wa Pemba haishi popote pengine duniani. Bunduki za marisawa ni miongoni mwa vilivyokaribia kummaliza, kwani mlio mmoja kwenye mti wanapolala unaangusha wengi na kujeruhi wengine wanaokwenda kufia mbali. Amerudi kwa sababu vijiji kama Kidike viliamua kumlinda. Funika embe kwa neti.

Nimezamia bandarini nikaokota ganda kubwa la shaba lenye kichwa chake. Ni zee sana. Naweza kuliuza kama pambo?

Lisiguswe tena. Bandari ya Zanzibar imeona vita: mizinga ya Agosti 27, 1896, na meli ya kivita ya Uingereza, HMS Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani Septemba 20, 1914. Makombora mengi ya Waingereza ya enzi hizo yalijazwa baruti yenye asidi ya pikriki, ambayo ikigusana na metali kwa miaka mingi hutoa chumvi zinazolipuka kwa mgongano mdogo tu. Kwa hiyo kuzeeka hakuipozi, kunaitia wasiwasi zaidi. Kama bado iko majini, iache hapohapo na ukumbuke alama mbili za nchi kavu zinazolenga mahali. Kama umeshaileta nyumbani, usiisogeze, usiikwangue, usiianike juani. Toa watu wote ndani, na majirani wa ukuta mmoja nao, kisha piga 112 ukiwa mbali na usubiri wataalamu wa mabomu.