Hasira na hasara si neno moja

Swali: Mwalimu, naandaa kijitabu cha semina ya ndoa. Mhamasishaji mmoja anafundisha kuwa "hasira" na "hasara" ni neno moja la Kiarabu, ndiyo maana wahenga wakasema hasira hasara. Anasema pia "adha" ni kifupi cha "adhabu". Je, ni sahihi? Na niandike kero au udhia?

Jibu: Yote mawili si sahihi. Tafadhali usiyachape.

Wahenga walioanisha maneno mawili yenye mlio wa karibu ili methali ikae kichwani. Hawakuwa wakifundisha asili ya maneno. Hasira imetokana na Kiarabu hasra, yaani majuto na uchungu wa moyo. Ndilo neno lililomo katika Kurani, Sura ya 19, aya ya 39, panapotajwa Siku ya Majuto. Hasara ni khasara, kupoteza. La kwanza huanza kwa ha ya kooni, la pili kwa kha, na kwetu herufi zote mbili huishia kuwa h: hal ikawa hali, khabar ikawa habari, khatar ikawa hatari. Ile i ya hasira tumeitia wenyewe kutenganisha s na r, kama tulivyofanya waqt ikawa wakati. Hasara ilikuja na irabu zake. Maana nayo imehama: hasra ya Mwarabu ni huzuni, hasira yetu ni moto.

Kwa herufi za Kiarabu, adha ni alif, dhali na ya. Adhabu ni ain, dhali na ba. Kiswahili hakitamki ain, ndiyo maana yote yanaanza na a. Kwa kipimo cha mhamasishaji huyo, hata adhana ingehesabiwa kuwa adhabu. Ndugu halisi wa adha ni udhi, udhia na maudhi. Ghadhabu haimo katika ukoo huo, kwani dh yake ni dhadi, si dhali.

Kuhusu kijitabu chako: kero imetokana na kitenzi kera, kama tendo lilivyotokana na tenda na neno na nena. Ni jambo lenyewe linalosumbua, linaloweza kutajwa na kutatuliwa: kero ya maji, kero za Muungano. Kuchelewa kurudi bila taarifa ni kero. Usumbufu anaoupata aliyebaki akisubiri ni udhia. Bughudha itumie pale mtu anapomsumbua mwenzake kwa makusudi. Kwa Kiarabu bughdh ni chuki, lakini usiirudishe maana hiyo katika Kiswahili, maana msomaji wako haijui.

Kinachoniudhi ni kwamba mafundisho haya ya mlio yanaenea mimbarini, redioni na hata katika madokezo ya wanafunzi, na wanaoyatoa hawafungui kamusi. Kazi yenyewe haichukui hata nusu saa. Tafuta herufi tatu za mzizi katika kamusi ya Kiarabu, soma maana yake huko, kisha tafuta maneno mengine matatu au manne ya Kiswahili yaliyobadilika sauti kwa njia ileile. Usipoyapata, asili hiyo ni ya kubuni. Anayekuambia asili ya neno bila kukutajia herufi zake, mwombe azitaje kabla hujamnukuu.