Hicho kifuko cheupe kwenye mchicha
Ndugu, hicho kifuko ulichokuta kwenye jani la mchicha kando ya kiwavi aliyelegea si yai wala ukungu, tafadhali usikikwangue! Ni cha nyigu mdogo wa jenasi Cotesia: buu wake alikulia ndani ya kiwavi, akatoboa ubavu, akajisokotea hariri. Kwa kuwa kiko kimoja tu, nahisi ni Cotesia icipe, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 2017 kutoka Kenya na kupewa jina la icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi. Cotesia flavipes, yule wa bungua wa mahindi, huacha vifuko lundo. Kitie kwenye chupa, funika kwa kitambaa. Nyigu akitoka mhifadhi kwenye spiriti. Nyigu mwenyewe, akichunguzwa kwa karibu, ndiye atakayesema ni spishi gani, picha haitoshi.