Kama tansiyo haishuki, usianze na kumgombeza mgonjwa

Miaka minne mama yangu alihangaika na tansiyo, yaani shinikizo la damu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. Dawa zilikuwa mbili, zikawa tatu, na bado mashine ilionyesha 17 kwa 10, yaani 170 kwa 100. Kila tulipokwenda kwenye kituo chetu cha zamani waliuliza kama anameza dawa, kisha wakamwandikia kidonge kingine. Hakuna aliyeuliza anakula nini. Mimi pia nilimgombeza, nikidhani anaruka siku. Alikuwa anazimeza zote. Hilo linaniuma hadi leo.

Daktari mwingine ndiye aliyeuliza: "Mama, kwenye sombe (majani ya muhogo) unatia nini?" Mama akajibu bila kuficha: makayabu (samaki wa chumvi), kubu mbili (vile vipande vya kuunga mchuzi), na chumvi kidogo ya kumalizia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile ya kwenye samaki na kwenye kubu. Kubu yenyewe ni chumvi kwa sehemu kubwa. Sufuria ile moja ilikuwa imeshampitisha.

Lakini nilimuuliza daktari: mbona baba anakula sahani ile ile na tansiyo yake ni nzuri? Jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni iitwayo aldosteroni. Homoni ni mjumbe tu. Anayeupokea ujumbe ni kipokezi kilichomo ndani ya seli za figo. Vikikutana, kipokezi huingia kwenye kiini cha seli na kuamuru njia za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ziongezwe. Sodiamu iliyokuwa inaelekea kwenye mkojo inarudi katika damu, maji yanaifuata, na potasiamu inatoka. Damu ikiongezeka ujazo, tansiyo inapanda. Kwa kawaida ukila chumvi nyingi aldosteroni hushuka, na figo linaitoa ile ya ziada. Kuna watu ambao tezi yao haipunguzi, au kipokezi chao kinaendelea kufanya kazi hata homoni ikiwa si nyingi. Kwa hao, chumvi ile ile inayompita jirani inabaki mwilini.

Vipokezi hivyo vipo pia kwenye moyo na mishipa ya damu, ndiyo maana aldosteroni nyingi pamoja na chumvi nyingi huumiza kuliko namba za mashine zinavyoonyesha.

Damu ya mama ilipopimwa, potasiamu ilikuwa chini. Ilikuwa dalili kwamba aldosteroni inafanya kazi kupita kiasi, na miguu yake ilikuwa ikikaza usiku siku nyingi. Aliongezewa spironolaktoni miligramu 25, dawa inayokalia kipokezi ili aldosteroni isipate nafasi. Si dawa mpya. Utafiti wa Uingereza wa PATHWAY-2, uliotolewa mwaka 2015, uliilinganisha na dawa nyingine mbili za kuongezea kwa watu ambao dawa tatu zilikuwa zimewashinda, na ndiyo iliyoshusha tansiyo zaidi.

Hapa nakusihi sana: usiende kuinunua mwenyewe kwenye famasi. Inapandisha potasiamu, na potasiamu ikizidi inaweza kusimamisha moyo, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayetumia dawa za tansiyo kama enalapril. Mama alipimwa potasiamu na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kabla ya kuanza, baada ya wiki moja, na tena baada ya mwezi. Zile chumvi mbadala zenye potasiamu ziache kabisa ukiwa kwenye dawa hii. Wanaume wengine huvimba matiti. Wamwambie daktari, kwa sababu ipo eplerenoni, isiyo na tabu hiyo sana. Mjamzito asiiguse.

Jikoni ndiko tulikopata shida zaidi. Kuroweka makayabu usiku mzima na kubadilisha maji kunapunguza chumvi, hakuimalizi, kwa hiyo sasa tunayala siku za sikukuu tu. Siku nyingine ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wakiwa wabichi, ndimu, nyanya, tangawizi, seleri na vitunguu vingi. Wiki mbili za kwanza mama alisema chakula kimekufa. Wiki ya nne alionja sombe ya jirani akaomba maji.

Mwezi wa pili mashine ilisoma 13 kwa 8. Nilimwomba msamaha kwa yale magomvi. Akaniambia nimpimie na baba.